Mtoto aliyeungua: Matibabu huanzia kwenye ndoo ya maji

Ni saa moja asubuhi katika kijiji kimoja jirani na Dutwa, wilayani Bariadi. Sufuria ya uji imeepuliwa na kuwekwa chini, kando ya mafiga. Mama ameingia ndani kuchukua vikombe. Mtoto wa miaka miwili, mwenye kilo 12, anashika ukingo wa sufuria na uji wote unammwagikia kifuani na tumboni.

Majirani wanakimbilia kelele. Mmoja analeta dawa ya meno. Mwingine anashauri apakwe ute wa yai, na bibi anasema unga wa ngano ndio unaozuia malengelenge. Baba yuko shambani, hivyo wanamsubiri. Bodaboda inapatikana saa tatu. Zahanati inawapa rufaa, na mpaka mtoto anapokelewa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu, pale Nyaumata mjini Bariadi, ni saa saba mchana.

Mfano huu si wa familia fulani, lakini wazazi wengi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wataitambua kila hatua yake. Na katika hali kama hiyo, swali ambalo ndugu huulizana ni moja: apelekwe hospitali gani ili apone?

Ni swali la maana, ila huulizwa likiwa limechelewa. Kupona kwa mtu aliyeungua vibaya kunategemea mambo kadhaa yanayotakiwa kufanyika kwa mpangilio, kila moja kwa wakati wake. La kwanza hufanyika nyumbani kabla hata bodaboda haijaitwa. Mengine hufanyika zahanati, hospitali ya mkoa na hospitali ya kanda. Na yapo ambayo daktari hawezi kuyafanya bila mzazi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 180,000 hufa kila mwaka duniani kutokana na kuungua, wengi wao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa Kanda ya Ziwa, picha inaonekana katika utafiti wa madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliofuatilia watoto 342 walioungua waliotibiwa hapo kati ya 2008 na 2010. Zaidi ya nusu waliunguzwa na vimiminika vya moto, na kundi kubwa zaidi lilikuwa la watoto wa miaka miwili kushuka chini. Walio wengi walifika hospitali zaidi ya saa 24 baada ya kuungua. Kati ya kila watoto tisa, takribani mmoja alifariki.

Kwa nini kuungua kunaua?

Wazazi wengi huona jeraha la moto kama tatizo la ngozi. Ngozi ikipakwa dawa na kukauka, wanaamini kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba jeraha kubwa la moto ni ugonjwa wa mwili mzima, na huua kwa njia tatu zinazofuatana.

Njia ya kwanza ni upungufu wa maji. Ngozi ndiyo inayozuia maji ya mwili yasipotee. Ikiungua, mishipa midogo ya damu huanza kuvuja, maji hutoka kwenye damu na kuingia kwenye nyama, na ndiyo maana sehemu iliyoungua huvimba na kutoa majimaji. Damu hupungua nguvu ya kuzunguka, figo hukosa maji na mkojo hukatika. Hatari hii ni kubwa zaidi katika siku mbili za mwanzo.

Njia ya pili ni vimelea. Kidonda kibichi ni mlango ulio wazi. Kuanzia siku ya tatu au ya nne, bakteria wanaweza kuingia ndani na kusambaa kwenye damu. Huu ndio wakati ambao familia hushangaa: mtoto aliyekuwa anacheka juzi, leo ana homa kali, amelegea na hataki kunyonya.

Njia ya tatu ni njaa. Mwili unaojenga ngozi mpya hutumia chakula kingi kuliko kawaida. Mtoto asipokula vya kutosha hukonda haraka, kidonda hugoma kufunga, na vimelea hupata nafasi nyingine. Mtoto aliyekuwa na utapiamlo kabla ya kuungua huanza safari hii akiwa nyuma.

Nyumbani: Dakika 20 za maji

Moto ukishaondolewa, joto hubaki kwenye ngozi na kuendelea kuichoma ndani kwa ndani. Njia ya kulitoa ni maji ya kawaida yenye ubaridi, yanayotiririka, kwa dakika 20. Kwenye bomba ni rahisi. Kijijini, chota maji safi kwa kikombe na kuyamwaga polepole juu ya jeraha, ndoo baada ya ndoo. Hata kama dakika kadhaa zimepita tangu aungue, maji bado yana faida ndani ya saa tatu za mwanzo.

Barafu isitumike, kwa sababu inaumiza ngozi ambayo tayari imejeruhiwa. Dawa ya meno, yai, unga, chumvi, matope, mkojo na kinyesi cha ng'ombe viachwe kabisa. Vitu hivi hushikilia joto, huleta vimelea, na humlazimu muuguzi kuvikwangua juu ya jeraha bichi ili aone limeingia ndani kiasi gani. Mtoto huumia mara mbili.

Wakati maji yanamwagwa, mvue nguo zilizolowa uji au maji ya moto, pamoja na shanga, bangili na hirizi, kabla uvimbe haujaanza. Nguo iliyogandia kwenye ngozi isivutwe. Malengelenge yasipasuliwe.

Dakika 20 zikiisha, jeraha lifunikwe kwa kanga au shuka safi iliyofuliwa na kukauka, kisha mtoto afunikwe blanketi juu yake. Hapa wengi hukosea. Mtoto mdogo aliyelowa hupoteza joto haraka, na akipata baridi kali hali yake huwa mbaya zaidi. Jeraha lipozwe, mwili uliobaki uwe na joto.

Kama yuko macho na hatapiki, aendelee kunyonya au apewe maji ya ORS kidogo kidogo njiani. Asipewe chai ya moto wala soda.

Jambo la mwisho kabla ya kuondoka: tazama saa. Muda alioungua uandikwe hata kwenye simu. Sababu yake itaonekana hospitalini.

Jeraha lipi ni la hospitali?

Kipimo rahisi ni kiganja. Kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole vyake, ni takribani asilimia moja ya mwili wake. Kama jeraha linazidi viganja kumi vya mtoto huyo, ni jeraha kubwa na anahitaji kulazwa.

Yapo pia majeraha yanayohitaji hospitali hata yakiwa madogo: ya usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri na kwenye viungo vinavyokunja; yanayozunguka mkono, mguu au kifua kama pete; ya umeme; na ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Aliyekuwa ndani ya nyumba inayowaka, akawa na sauti iliyokauka, kikohozi au masizi puani, huenda amevuta moshi na njia yake ya hewa inaweza kuvimba na kuziba.

Mzazi asidanganyike na jeraha lisilouma. Ngozi iliyo nyeupe, ya kahawia au nyeusi, iliyokakamaa na isiyohisi mguso, imeungua mpaka mishipa ya fahamu ikafa. Hilo ndilo jeraha la ndani zaidi, na mara nyingi haliponi bila upasuaji.

Zahanati na kituo cha afya

Zahanati haina chumba cha upasuaji, lakini si mahali pa kupita tu. Hapo ndipo mtoto anaweza kupewa dawa ya maumivu, kufungwa jeraha kwa kitambaa safi, kupewa kinga ya pepopunda kama hajakamilisha chanjo, na kuanzishiwa dripu kama jeraha ni kubwa.

Safari ya saa kadhaa bila dripu ndiyo inayomaliza watoto wengi ambao moto wenyewe haukuwamaliza. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa "tunawapa rufaa" ana haki ya kuuliza mambo matatu kwa heshima: Je, amepewa dawa ya maumivu? Je, dripu imeanza na itaendelea njiani? Je, karatasi ya rufaa imeandikwa saa aliyoungua na kiasi cha maji aliyopewa?

Hospitali ya mkoa: Hesabu ya maji

Kwa miaka mingi, madaktari duniani walikuwa wakibishana kuhusu kiasi cha maji ambacho aliyeungua anahitaji. Mwaka 1968, daktari Charles Baxter wa Hospitali ya Parkland, Dallas, nchini Marekani, alitoa hesabu ambayo bado hufundishwa vyuoni, ingawa wataalamu wengi siku hizi huipunguza kidogo na kuirekebisha kulingana na mkojo wa mgonjwa: mililita 4 za maji, kuzidisha kwa kilo za mgonjwa, kuzidisha kwa asilimia ya mwili iliyoungua.

Turudi kwa mtoto wa Dutwa. Ana kilo 12 na ameungua viganja 15, yaani asilimia 15. Nne mara 12 mara 15 ni mililita 720. Kwa kuwa ni mtoto, huongezewa pia maji ambayo mwili wake huhitaji kila siku hata asingeungua.

Nusu ya zile mililita 720 inatakiwa iingie katika saa nane za mwanzo, na nusu nyingine katika saa 16 zinazofuata. Saa hizo nane huhesabiwa tangu alipoungua. Hazihesabiwi tangu alipofika hospitali. Mtoto huyu aliungua saa moja asubuhi, kwa hiyo saa zake nane zinaisha saa tisa alasiri. Amefika saa saba mchana bila dripu. Zimebaki saa mbili kufanya kazi ya saa nane.

Ndiyo sababu daktari wa zamu huuliza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu: aliungua saa ngapi? Mzazi anayejibu "asubuhi asubuhi" anamwacha daktari akikisia. Anayejibu "saa moja na dakika kumi" amesaidia dripu kwenda kwa kasi inayostahili.

Dripu ikishaanza, kipimo cha kujua kama inatosha ni mkojo. Mtoto wa kilo 12 anatarajiwa kutoa kama mililita 12 kwa saa. Mkojo mdogo wenye rangi ya kahawa ni taarifa ya kupelekwa kwa muuguzi saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Bugando na zaidi

Jeraha la juu juu linaweza kupona katika wiki mbili au tatu likisafishwa na kufungwa vizuri, hata katika hospitali isiyo na mashine nyingi. Jeraha la ndani ni tofauti. Ngozi iliyokufa inatakiwa iondolewe kwa upasuaji, kisha kipande chembamba cha ngozi nzima, mara nyingi kutoka pajani, kipandikizwe mahali pake. Kwa mgonjwa wa Simiyu, rufaa ya kazi kama hiyo kwa kawaida ni Bugando, hospitali ya kanda yenye madaktari bingwa wa upasuaji na chumba cha uangalizi maalumu. Safari hupita Lamadi na Magu hadi Mwanza.

Katika nchi tajiri, mtoto aliyeungua nusu ya mwili ana nafasi nzuri ya kuishi. Katika hospitali nyingi za Afrika, aliyeungua asilimia 40 yuko kwenye hatari kubwa ya kufa. Tofauti hiyo inatokana na nini? Kwanza, wenzetu wana wodi za peke yake kwa walioungua, ambako mgonjwa hachanganywi na wenye vidonda vingine. Pili, ngozi iliyokufa huondolewa ndani ya siku chache, kabla vimelea havijaifanya makazi. Tatu, kila jeraha lina muuguzi wa kutosha, dawa ya maumivu wakati wa kufungwa, na chakula kinachopimwa.

Hata hivyo, kuna majeraha yanayoshinda hospitali. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lililopinduka Msamvu, Morogoro, lililipuka wakati watu wakichota mafuta. Zaidi ya majeruhi 40 walihamishiwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, lakini wengi wao walifariki katika siku na wiki zilizofuata, na jumla ya vifo ikapita 100. Walifika kwenye hospitali kubwa kuliko zote nchini, lakini miili yao ilikuwa imeungua kupita kiasi. Wazazi wanaoishi kando ya barabara ya Lamadi wawaambie watoto wao mapema: lori la mafuta likianguka, watu hukimbia kwenda mbali nalo.

Kazi ya mzazi wodini

Katika orodha ile ya wenzetu, yapo mambo ambayo hayahitaji mashine. Hayo yako mikononi mwa anayekaa na mgonjwa.

La kwanza ni mikono. Nawa kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto, kabla ya kumlisha na baada ya kumsafisha. Ndugu wanaokuja kumwona wawe wachache, wasikae juu ya kitanda chake, wala wasitoke kugusa mgonjwa mmoja na kwenda kwa mwingine. Shuka na kanga zake zifuliwe na kuanikwa juani.

La pili ni chakula. Mkoa wa Simiyu una maziwa, mayai, karanga, dengu na choroko, na dagaa wa Ziwa Victoria hufika sokoni. Hivyo ndivyo vinavyojenga ngozi. Uji uwekewe karanga zilizosagwa au maziwa. Mtoto apewe kidogo kidogo mara sita au saba kwa siku, kwani aliye na maumivu hali sahani nzima kwa mkupuo. Akikataa kabisa, muuguzi aambiwe siku hiyo hiyo, maana anaweza kulishwa kwa mpira unaopita puani. Mpira huo huwatisha ndugu, lakini ni wa kumlisha tu, haumaanishi kwamba anakufa.

La tatu ni mkao. Aliyeungua shingoni hupenda kuinamisha kichwa, aliyeungua kwenye kiwiko hupenda kukunja mkono, kwa sababu hivyo ndivyo asivyoumia. Lakini kovu likifunga katika mkao huo, hukaza na kuvuta. Kidevu kinaweza kushikamana na kifua, au vidole kujikunja kama ngumi. Kwa hiyo aliyeungua shingoni asiwekewe mto, na viungo vinyooshwe kila siku kama mtaalamu atakavyoelekeza, hata mtoto akilia. Dawa ya maumivu iombwe kabla ya zoezi, zoezi lisiachwe.

La nne ni gumu kuliko yote: kubaki. Katika utafiti ule wa Bugando, watoto walilazwa kwa wastani wa wiki tatu hivi. Wiki tatu za mama kuwa mbali na wadogo zake mgonjwa, labda katikati ya msimu wa kuvuna pamba, huku nauli na chakula vikihesabiwa. Sera ya serikali inasamehe gharama za matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, na kila hospitali ya umma ina ofisi ya ustawi wa jamii kwa wasiojiweza. Ofisi hiyo itafutwe siku ya kwanza, kabla deni halijamfanya mtu afikirie kuondoka kimya kimya usiku. Mtoto anayetoroshwa siku ya sita, jeraha likiwa limeanza tu kuonyesha wekundu mzuri, anatolewa wakati vimelea bado vinamtafuta.

Ndugu nao wana sehemu yao. Baba, shangazi au bibi akimpokea mama wodini kwa siku mbili, mama akalala na kuoga, mgonjwa pia hufaidika.

Kabla ya sufuria kumwagika

Jiko la mafiga likiinuliwa juu ya tofali, au likizungushiwa uzio mfupi wa miti, mtoto anayetambaa halifikii. Chungu au sufuria iliyoepuliwa isiwekwe chini bila mtu mzima kubaki nayo. Maji ya kuoga yaanze ya baridi kwenye beseni, ndipo ya moto yaongezwe. Mafuta ya taa yasiongezwe kwenye kibatari kinachowaka, na petroli ya bodaboda isihifadhiwe ndani ya nyumba, tena kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Nyumba yenye mtu mwenye kifafa imhakikishie dawa zake kila siku na isimwache peke yake karibu na moto. Akianguka motoni, atolewe mara moja. Povu lake haliambukizi.

Na pembeni ya jiko, kila asubuhi, kuwe na ndoo ya maji safi iliyofunikwa na kikombe juu yake. Siku nyingi itatumika kuoshea vyombo. Ikitokea siku uji ukammwagikia mtoto, ndoo hiyo itakuwa imeanza matibabu yake wakati watu wa Nyaumata na Bugando hawajajua hata jina lake. Wakati anaendelea kumwagiwa maji, mtu mmoja atazame saa na kuiandika.